Tumbili-Dhahabu wa Lisekese

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.
Chama chetu cha Wapiga Picha za Viumbe, Masasi, kitapata mwenyekiti mpya Jumamosi. Kigezo ni picha bora ya kiumbe wa hapa. Wagombea ni wawili: mimi, Shadrack, mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Bukoba, na Bernadeta, mwalimu wa hesabu, ambaye hupiga picha za ndege aina ya chozi na hujiona. Hotuba ya kushukuru nimeikamilisha. Imebaki picha.

Jumanne, 8 Julai.
Nimeshinda kichakani Chiungutwa nikingoja maumbile yanipe msukumo. Yamenipa siafu. Alipita mzee na baiskeli. Nikamwamkia, nikamwuliza kama simba bado wapo. Akasema wamejaa tele, ila tangu mechi ile ya mwisho wamejifungia ndani. Nimeandika: simba wa Chiungutwa wana haya.

Jumatano, 9 Julai.
Nimekutana na Bernadeta sokoni. Akanionyesha chozi wake akifyonza ua la mgomba. Picha ya kawaida. Imetulia kupita kiasi. Habari za Chiungutwa zilikuwa zimemfikia: akaniuliza kama siafu wangu walikaa vizuri kwenye kamera, au walipendelea suruali. Kisha akanishauri: pori halina haraka. Nikamjibu kuwa uchaguzi unayo.

Alhamisi, 10 Julai.
Historia. Asubuhi na mapema, nyuma ya nyumba ninayopanga kwa Mama Zuhra, hapa Lisekese, juu ya mkorosho: tumbili wa manjano. Manjano kichwa hadi mkia. Hata kope. Alikuwa akipiga chafya mfululizo, mlio usiotajwa katika kitabu chochote nilichosoma. Nimempiga picha. Nimempa jina tumbili-dhahabu wa Shadrack.

Mama Zuhra alitaka kunieleza jambo kuhusu Baba Zuhra na kazi aliyoifanya shambani tangu alfajiri. Nilimwomba kwa heshima tusichanganye sayansi na mambo ya ndani ya familia. Akasema haya, Mwalimu, akaendelea kufua nguo za mumewe. Nazo zilikuwa za manjano. Familia hii inapenda sana rangi hiyo.

Ijumaa, 11 Julai.
Nimerefusha hotuba. Nimeongeza aya kuhusu unyenyekevu wangu.

Jumamosi, 12 Julai.
Ukumbi ulijaa. Wanachama wengi ni wakulima wa korosho, na wanajua kusikiliza. Nilieleza kuwa maumbile humfunulia siri yule tu aliyejiandaa kielimu. Picha ikatokea ukutani. Kimya. Nikaipa heshima hiyo muda wake.

Ndipo Bi Sikuzani, safu ya mbele, alipouliza tumbili huyo yuko kwenye mzunguko wa ngapi wa kupulizwa. Fundi baiskeli aitwaye Jumanne akataka kujua korosho zake zitakuwa daraja la kwanza au la pili. Sauti nyingine ikapendekeza apelekwe ghalani mapema kabla ya foleni.

Mzee Nurdini, mwenyekiti anayeondoka, alifuta machozi, kisha akanieleza kwa upole. Ile ni salfa, unga wa manjano wa kupulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Watu hupuliza alfajiri. Tumbili hupanda unga ukiwa haujatulia. Akaongeza kuwa hata yeye, akitoka shambani mwezi huu, ni spishi mpya, na mkewe humgundua kila siku.

Bernadeta amechaguliwa. Alikuwa mstaarabu. Hakucheka mpaka alipofika mlangoni.

Jumatatu, 14 Julai. Newala.
Uamuzi wa kwanza wa mwenyekiti: nimbebee miguu ya kamera hadi Newala, na kabla sijabonyeza chochote, niulize wenyeji. Nimekubali. Mtu msomi hurekebishika.

Huku juu baridi ni kali, ukungu umetanda. Bernadeta amejikunyata akimngoja ndege wake. Mimi nimeona jambo kando ya nyumba moja: mnyama jamii ya mbwa, mgongo na kifua vya zambarau, miguu ya kahawia. Sikubonyeza. Nilimfuata mama mwenye nyumba, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwuliza kama mnyama huyu huzaliwa hivyo. Akasema hapana, baba, huwa hivyo baridi ikianza, na jua likitoka humtoka.

Wenyeji wamethibitisha. Nimeandika: hubadili manyoya kwa msimu, ana vifungo vitatu kifuani, cha katikati kimekatika.