Bastola ya Kwenda Nayo Jeddah

Jumapili, 5 Oktoba. Al-Sulay, Riyadh

Nimekasirika mpaka chai nimeimwaga nje. Bosi anataka mtu wa kukaa na mama yake mzee kule Ruwais, Jeddah. Atachagua kati yangu mimi, mtunza stoo, na Hezron. Hezron! Mlinzi anayelinda geti la ghala akiwa amevua viatu! Na katika nyumba hiyo ya Ruwais ndimo anamopika Nekesa, mchumba wangu, ambaye tangu nije huku namwona kwenye simu tu. Kazi ni yangu, atake asitake.

Nimewaza sana. Kukaa na mama wa tajiri ni ulinzi. Mlinzi wa maana hubeba bastola iliyofichwa. Basi lazima nichague bastola.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimetazama video hadi bando likaisha. Ndogo hufichika vizuri lakini hurukaruka mkononi ikifyatuliwa. Kubwa hutulia lakini hutokeza kiunoni. Hezron, aliyekuwa askari wa akiba huko kwao, akachungulia simu yangu bila kuitwa, akasema mwenye akili hubeba ndogo. Papo hapo nikachagua kubwa.

Nekesa amenitumia ujumbe wa sauti, mkali. Ati mgeni akishikwa na bunduki nchi hii, halas, amekwisha, asahau ikama, kile kibali cha kuishi hapa, asahau na kwao. Ati mama wa bosi anataka mtu wa kumsukumia kiti cha magurudumu, basi. Ati nisiharibu. Mpishi ananifundisha usalama! Nimeufuta.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya laana!

Bastola sina, wala sijui pa kuipata. Lakini kubeba ni mazoezi. Nilichukua stoo koki kubwa ya shaba, uzito uleule, nikaichomeka kiunoni. Bosi alikuwa na wageni kwake Al-Malqa, akatuita mimi na Hezron tuhudumie. Tukavishwa kanzu nyeupe. Ndani ya kanzu, kinachoshika koki ni suruali ya kiuno cha mpira tu, na mpira wenyewe mchovu.

Nikapewa kazi ya kumimina kahawa. Dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Mgeni akitosheka hutikisa kikombe. Asipotikisa, unamimina. Kila mtu anajua! Isipokuwa binamu mmoja wa bosi aliyekulia ng'ambo. Akanywa, akanyoosha kikombe. Nikamimina. Akanywa, akanyoosha. Koki ikaanza safari. Nikabana mapaja. Akanyoosha tena, anatabasamu, mpumbavu yule! Mikono yote imejaa, suruali iko magotini, na Hezron amesimama mlangoni anafurahia kama yuko harusini.

Koki ikapiga marumaru kwa kishindo. Nikarudi nyuma na pingu ya suruali miguuni, nikakalia sinia la tende.

Bosi akauliza kwa nini natembea na koki. Nikamwambia ukweli, kwamba ile ni bastola. Sijui kwa nini watu husifu ukweli.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niliitwa ofisini nikiwa nimeshafunga begi. Kumbe mama wa bosi amesimuliwa kwa simu, akacheka hadi akalia. Hakuwa amecheka tangu amzike mumewe. Amesema anamtaka mtu huyohuyo.

Naenda Jeddah! Nilimwambia Hezron kwamba watu wenye macho hutambua mlinzi wa kweli. Akajibu yalla, niende salama. Mnafiki.

Alhamisi, 16 Oktoba. Ruwais, Jeddah

Nekesa alinipokea mlangoni akicheka na kufuta machozi. Mama ni mtu mwema. Kila asubuhi anataka nimsimulie koki upya. Ningetulia, mambo yangekuwa mazuri.

Lakini nimekasirika! Namsukuma kando ya bahari na watu wananipita kama mti. Hakuna anayeniogopa. Leo nikaona blanketi lililo magotini mwa mama. Bastola kubwa kabisa ingelala humo! Nikaanza mazoezi. Mkono mmoja kwenye kiti, mmoja chini ya ukingo wa blanketi, uso mkavu, nikimkodolea macho kila mpita njia.

Afisa wa polisi akaja. Kwa heshima kabisa akauliza naficha nini. Nikasema kwa Kiarabu mafi, sina kitu. Akauliza kama nina silaha.

Nikasema bado.

Mama alicheka. Afisa hakucheka.

Jumapili, 19 Oktoba. Ndani ya basi, narudi Riyadh

Bosi alikuja mwenyewe kunitoa kituo cha polisi. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba Hezron anakuja kesho kushika nafasi yangu. Mama aligeuza kiti chake kuelekea ukutani ili nisipate kumuaga.

Nekesa alinifungia chapati kwenye karatasi. Akasema aliniomba jambo moja tu, nisukume kiti. Akasema nisimpigie tena. Kisha akafunga mlango, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nimelia hapa kwenye basi, na abiria wa pembeni amejifanya amelala.

Lakini nani wa kulaumiwa? Afisa, mwenye maswali ya mitego. Na zaidi Hezron! Alisema ndogo makusudi, akijua fika kwamba nitachagua kubwa. Mtu anayekupa ushauri mzuri ili usiufuate ni adui mbaya sana.

Hanipati tena. Nimeamua bastola ndogo, ya kuvaliwa mguuni. Nimevua kiatu nione itakaa soksi gani.