Kadi ya Mchele Haijui Uso Wangu

Jumatatu, 4 Agosti. Quionga.

Virgílio, huna adabu! Mwanamume mzima, beji ya mgao wa chakula kifuani, anamwambia mtu wa rika la bibi yake kwamba yeye siye. Eti mashine haikutambui, vovó, yaani bibi kwa Kireno chake. Mimi! Muanassa, niliyezaliwa nyumba ya pili kutoka msikitini! Nimempa kadi ya chakula, ile yenye kidude cha dhahabu. Kaichomeka, kanielekezea kamera usoni. Ikalia kama mbuzi. Mchele hakuna.

Picha yao walinipiga mwaka jana, nimepaka msiro, urembo wetu mweupe wa mti. Sasa mtu apigwe picha uso mtupu, kama katoka kuumwa? Siku ile Virgílio alisema ninawe. Nilikataa. Leo sikupaka, basi mashine imenikana. Zamani tulipewa kikaratasi chenye muhuri. Kikaratasi hakikuuliza sura ya mtu.

Na Ijumaa ni hitima ya marehemu Carimo, mume wangu. Wali lazima utoke jikoni kwangu. Si kwa jirani.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani ndiye Joaquina, mtu wa bara. Kadi yake haina neno. Kapita mlangoni kwangu na gunia kichwani, polepole. Makusudi! Kasema atanigawia. Nikamwambia Carimo hakumwoa Joaquina. Kacheka, kasema basi wageni wa hitima wale msiro.

Ulimi huo!

Lakini kanipa akili. Kadi inataka uso mweupe? Itaupata.

Jumatano, 6 Agosti

Mjukuu wangu Zuleica kanisagia msiro juu ya jiwe. Nimejipaka mpaka masikioni. Kufika, rede hakuna, mtandao wao umekatika. Tumekaa juani hadi adhuhuri. Msiro umepasuka kama tope lililokauka. Rede imerudi, mashine ikalia. Watu wakacheka! Virgílio kasema niiheshimu, mashine hiyo moja bei yake inapita pikipiki. Nikamjibu pikipiki haimuulizi mwenyewe yeye ni nani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejipaka upya. Njiani nikamkuta Joaquina, naye kapaka! Vibaya, kama ukuta wa chokaa. Kasema wakicheka, wacheke wawili. Nikamsawazishia shavu kwa kidole changu. Si kwa upendo. Aibu tu.

Kadi imeingia, nimesimama mbele ya kamera, mashine ikalia. Joaquina akachungulia juu ya bega langu aitukane. Ikanyamaza. Ikawaka kijani. Imemkubali! Joaquina ndiye Muanassa! Virgílio kashika kichwa. Kaitazama foleni, kanitazama mimi, kisha katoa gunia.

Joaquina kalibeba mpaka jikoni kwangu. Hata kikombe kimoja hakuchota.

Ijumaa, 8 Agosti

Hitima imepita salama. Wali wa nazi, watu wameshiba mpaka wanasinzia. Nazi kakuna Joaquina. Nimemwambia kakuna vibaya. Hakukuna vibaya.

Jumatatu, 11 Agosti

Virgílio kaja mwenyewe hadi barazani. Kadi yangu imefutwa, eti imemkubali mtu asiye mimi. Kesho napigwa picha mpya, uso mtupu, vovó, tafadhali sana. Kasema miaka ijayo hata kadi haitakuwapo, mashine itasoma jicho tu. Nimemwitikia ndiyo, ndiyo, nenda salama.

Picha mpya, kadi mpya, halafu nitoke kama mgonjwa? Thubutu!

Zuleica! Kesho alfajiri saga msiro. Mzito, wa watu wawili, na umgongee Joaquina mlango. Wanja nao utafute, jicho langu lianze kujizoesha.