Chumba cha Mbele, Mtaa wa Mchikichi

Jumanne, 16 Aprili 1974
Nikifa mimi Theophil, Dar es Salaam itabidi wakabidhiwe watu watatu, maana mmoja hataiweza. Darasa la sita sikumaliza, sawa. Lakini leo ni msimamizi wa nyumba nzima ya Kariakoo! Vyumba sita, ua, choo. Baba mdogo Onesphory kainunua kwa barua, yuko kwake Kibosho na kahawa zake. Hajaiona. Dar hajafika, eti joto litamuua. Macho yake ni mimi. Maskini baba mdogo.

Amri zake: wapangaji watoke, bati mpya, chokaa, kisha waingie watu wa mishahara. Wa vyumba vitano wameshatoka. Niliwaambia kwenye paa kuna chatu. Mmoja alihama hata godoro kasahau. Ninalilalia.

Kabaki Bi Mauza, chumba cha mbele. Mumewe, Mzee Abdulla muuza bizari, kafariki mwezi uliopita humo humo. Nikagonga kumuuliza anahama lini. Akajibu nyuma ya pazia kwamba yuko edani, mwanangu, miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nyumbani kwa mumewe. Mpaka Agosti! Kwetu tunazika, tunachinja ng'ombe, Jumatatu tunalima.

Nimemwandikia baba mdogo kwamba nyumba ni nyeupe, haina mtu. Karibu ni kweli.

Jumatano, 17 Aprili
Mbinu ya leo: maneno matamu. Nimemweleza Bi Mauza kwamba kule Gerezani kwa kaka yake kuna upepo safi. Akaniuliza kama nimekula. Sahani ya wali na samaki ikapita chini ya pazia. Sasa utamfukuzaje mtu na wali wake uko mdomoni? Nikamaliza. Nikaongezwa. Siku ikaisha.

Jioni Balozi Muhiddin, mkubwa wa nyumba kumi zetu, kaniita mbele za watu. Akasema wewe kijana, mjane hatolewi edani. Nikamjibu nyumba ni ya baba yangu mdogo. Akasema nyumba ya baba yako mdogo, mjane wa Mungu, haya, nenda kawapatanishe. Baraza zima likacheka. Hanijui huyu.

Ijumaa, 19 Aprili
Akili imefunguka! Hafukuzwi mtu. Linatolewa paa.

Nimemleta Melkiori, fundi bati wa Gerezani, wakati mtaa uko msikitini. Kauliza bati mpya ziko wapi. Nikasema njiani. Kuhusu ujira, achukue hizi kuukuu. Hapo nilikuwa mjanja sana. Akatazama juu, akasema bwana mdogo, hii ni masika. Nikamwambia yeye ang'oe misumari, mbingu aniachie mimi.

Tukaanzia juu ya Bi Mauza. Saa nane chumba chake kina jua kama uwanja wa Mnazi Mmoja. Nikakaa barazani nikisubiri atoke na sanduku lake. Nikasikia kitanda kinaburutwa pembeni. Kisha sauti, kwa upole: nimwambie fundi ateremke taratibu, ile ngazi ina mguu mbovu.

Hakutoka.

Jumamosi, 20 Aprili
Mvua. Si mvua, ni ugomvi.

Balozi katandaza turubai la misiba juu ya chumba. Wanawake wa mtaa wanapishana na uji. Mimi naitwa shetani wa mlimani, nikiwa nimesimama hapo hapo! Nimezunguka Kariakoo yote kutafuta bati. Hakuna. Muuzaji mmoja kasema zote zinaenda vijiji vya ujamaa, nikitaka bati nihamie kijijini. Nikakimbilia kwa Melkiori anirudishie zile kuukuu. Keshazikata makarai. Kanionyesha moja, akaniuliza kama silipendi.

Turubai linavuja. Bi Mauza anakohoa. Nimejifunika godoro kichwani, kikohozi kinapita.

Jumanne, 23 Aprili
Kumbe kuta zetu ni miti na udongo, plasta ni urembo tu. Hakuna aliyeniambia. (Melkiori aliniambia, lakini alikuwa ngazini.) Mvua imepiga tangu Jumamosi. Alfajiri hii ukuta wa mbele umelala barabarani.

Bi Mauza kanusurika. Alikuwa anaswali pembe ya pili. Kitanda cha marehemu kimo ndani ya matope.

Shehe kaja, kasema nyumba ikianguka mjane ana ruhusa ya kuhama. Wanawake wakamzungushia kanga, wakaondoka naye kwenda kwa kaka yake. Hakulia. Alisimama kidogo anatazama pale palipokuwa na kitanda, kama mtu anayekumbuka alichokuja kuchukua. Balozi kakunja turubai lake, kaenda zake. Hilo limenitisha.

Basi. Nyumba nyeupe. Nimeshinda.

Jumapili, 28 Aprili
Barua ya baba mdogo! Kafurahi. Sijawahi kusifiwa hivi na ukoo wangu. Anataka kununua nyingine, Gerezani, hivyo hivyo kwa barua, na msimamizi awe mimi. Nimemjibu nipo tayari. Habari za ukuta nimemweleza kwamba chumba cha mbele sasa kinapata hewa nyingi. Hiyo ya Gerezani nitaiendea kwa akili tofauti kabisa. Paa siligusi. Nitaanza kwa kuchimba sakafu.

Jioni nilikwenda kuitazama. Nikapita kwa kaka yake Bi Mauza. Njia tu, sikumfuata yeye. Dirishani nikasikia kikohozi. Nikasema shikamoo, mama. Kikohozi kikanyamaza. Nikarudia, nikapaza, labda hajasikia. Hata mwizi akiamkia huitikiwa. Nikasimama pale mpaka wapita njia wakaanza kuniuliza kama nimepotea.

Haya, nitaandika mara moja, sitarudia. Ukuta utajengwa, bati zitapatikana. Yule mama alitaka kumalizia siku zake za eda pale alipofia mumewe, na pale mimi nikapabomoa. Marahaba yake sikuipata.