Malalamiko Kuhusu Kamera Iliyohamisha Kilele

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vifaa,

Nakusalimu wewe na wote mnaokaa kwenye dawati lako. Naandika nikiwa mezani kwangu, mbele ya kamera yenyewe, ambayo nimeifunika kwa kitambaa cha kufutia vyombo ili tusitazamane.

Utakumbuka, na kama hukumbuki nakala ninayo, kwamba miezi minne iliyopita nilikuandikia kuomba ushauri. Nilisema mimi ni mstaafu wa Idara ya Ramani, mfuko wangu haujanona, na nahitaji kamera moja ndogo ya matembezini inayoweza kila kitu: mandhari, ndege, maua, watu, mvua ikinyesha na vumbi likitimka. Ulinijibu aya tatu nzima, Mungu akubariki. Ulisema nisihangaike na kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, kwa sababu mzigo mzito huishia kuachwa nyumbani. Nitafute ndogo, ngumu, inayovuta mbali, na kama mpya inanishinda ninunue iliyotumika kwa mtu ninayemjua. Basi tukaenda, mimi na mke wangu, kwa fundi saa wa mtaa wa pili, anayeuza vitu vilivyotumika na kuviapia kimoja kimoja. Bei ilikuwa nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba kamera hii inaweza kila kitu kweli, na hakuna aliyenionya.

Ili usidhani mimi ni mtu wa kulalamika ovyo, nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba.

1. Udogo. Mimi ndiye Mwongoza Njia wa kikundi chetu cha matembezi, na wenzangu huniita Dira. Kamera yetu ya zamani ilikuwa kama tofali. Ikitolewa mkobani kila mtu aliiona, akavuta tumbo ndani, akafunga kifungo, akatazama mbali kama mtu mwenye mawazo. Hii yako inakaa kiganjani. Mke wangu huitia kwenye mfuko wa sweta na kuitoa bila taarifa. Nimehesabu picha mia mbili na kumi na nne za safari iliyopita. Nimo katika sitini, na katika hamsini mdomo wangu u wazi, ama nakula ama naeleza njia.

2. Betri. Ile ya zamani ilikuwa na adabu, ilikata roho kabla hatujafika nusu ya safari. Kuanzia hapo historia iliandikwa kwa mdomo, na mdomo wangu una uzoefu. Hii inaamka asubuhi na kurudi nyumbani ikiwa bado ina nguvu kuliko sisi.

3. Kuvuta mbali. Ni desturi yangu, tukifika kwenye daraja la miti, kuwaacha wenzangu wapumzike nami kutangulia kukagua njia. Wamekuwa wakinishukuru kwa hilo miaka tisa. Safari hii mke wangu aliketi darajani, akavuta, akapiga. Nikaonekana nimekaa juu ya jiwe, viatu pembeni, namenya yai. Katibu wetu ni mfamasia, mwanamke mpole aliyezoea kusoma maandishi madogo kwenye chupa. Aliitazama ile picha, akaniuliza kwa heshima zote nilikuwa nakagua sehemu gani ya njia. Nikamjibu nilikuwa nasikiliza upepo. Walicheka mpaka mmoja akashika mti.

Hayo matatu ningeyameza. Mtu mzima hameng'enyi chakula tu, humeng'enya na aibu pia. Lakini lipo la nne, na hili naomba ulisome mlango ukiwa umefungwa.

4. Namba. Kumbe kamera hii huzungumza na mitambo iliyoko angani, kisha huandika chini ya kila picha urefu wa mahali mlipo. Haiulizi. Tulipofika kileleni, penye kibao cha saruji tulichokijenga kwa mikono yetu, tukajipanga, tukatabasamu, na mfamasia akasoma kwa sauti: mita elfu moja mia moja themanini na nne. Kwenye ramani kilele ni mita elfu moja mia nne thelathini na moja. Tofauti ni mita mia mbili arobaini na saba, Ndugu Mhariri. Huwezi kusema tumekosea kwa sababu ya unene wa soli.

Niliwaambia kamera haijazoea milima. Wakanikubalia, maana walikuwa wamechoka. Lakini niliporudi nyumbani niliitoa ramani ya zamani, nikaitazama, nikaikunja tena haraka.

Ramani ile niliichora mimi. Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini. Idarani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo mkuu wetu aliilinda kama mboni ya jicho: jina lisiandikwe juu ya mistari ya mwinuko iliyosongamana, liandikwe penye karatasi nyeupe. Kwenye kilele halisi mistari ilikuwa imebanana huwezi kupitisha sindano. Hapo ubavuni, upande wa kusini, kulikuwa na bega la kilima, tambarare, jeupe, zuri. Nikaliandika jina hapo, kwa herufi ambazo mkuu aliwaita mpaka majirani wa ofisi nyingine waje kuziona. Miaka thelathini baadaye kikundi kikaundwa, nikapewa uongozi, nikawapeleka watu moja kwa moja mpaka kwenye jina. Niliiamini ramani ile kwa sababu niliichora mwenyewe. Ningemwamini nani mwingine?

Utauliza kama hatukuona kwamba nyuma ya kilele chetu kuna kitu kirefu zaidi. Tulikiona. Kila mwaka niliwaeleza kuwa hicho ni kilima kingine, na kwamba huonekana kirefu kwa sababu ya hewa.

5. Mke wangu. Hapa sitanii. Miaka sita iliyopita alipasuliwa goti, na daktari akamwambia asahau hata ngazi za ghorofani. Mwaka uliofuata alipanda nami. Ilituchukua siku nzima, hatua kwa hatua, na alipogusa kile kibao cha saruji alibubujikwa na machozi. Hati ya kufika kileleni, yenye mwandiko wangu, imetundikwa sebuleni juu ya kabati. Hakuna mgeni aliyekunywa chai nyumbani kwetu bila kuonyeshwa. Hata aliyekuja kusoma mita ya maji ameonyeshwa. Sasa nimwambieje kwamba alipanda bega? Nimekuwa nikila chakula chake wiki mbili nikiwa nimeipa hati ile mgongo. Naogopa, nakiri. Uongozi wakinivua nitalala, lakini akiishusha hati ile ukutani sitalala.

6. Mkutano wa mwaka. Utafanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mfamasia ameazima projekta kanisani na anakusudia kuonyesha picha zote ukutani. Ile namba itakuwa na ukubwa wa mlango.

Usidhani nimekaa tu. Nimetafuta kwenye kamera mahali pa kuzima namba, nikaishia kuibadilisha lugha, na sasa inaniambia mambo kwa maandishi nisiyoyajua. Fundi saa anasema picha zilizokwisha pigwa, namba imeingia, haitoki. Nimejaribu kuziba pembe ya lenzi kwa dole gumba. Ninazo picha tisa za dole gumba langu, zote zina urefu wake.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa kuwa wewe ndiwe uliyenituma huko, naomba yafuatayo.

(a) Utoe tangazo kwenye ukurasa wako, kabla ya Jumapili hiyo, kwamba urefu unaoandikwa na kamera ndogo ni makadirio ya kirafiki, na usitumiwe kumhukumu mtu.

(b) Siku nyingine msomaji akiomba kamera inayoweza kila kitu, umuulize kwanza ana siri ngapi.

(c) Hayo yakishindikana, uwaandikie wakubwa wa Idara ya Ramani, kwa kuwa mimi wakiniona wataniuliza, uwashauri wakihamishe kilele. Si ombi kubwa. Mipaka ya mashamba huhama hatua mbili tatu kila msimu na hakuna anayeandika gazetini. Isitoshe, watu arobaini na mmoja wa kikundi chetu wamekifikia kilele changu, wamekula juu yake na kupigwa na mvua juu yake. Kile kingine hajakifikia hata mmoja wetu. Wengi wape, ndivyo tulivyofundishwa. Na kama mlima nao hautaki kuwafuata walio wengi, basi sijui tunaelekea wapi.

Nikitaraji kusikia kutoka kwako mapema kuliko Jumapili, naomba unisalimie mchapaji, msambazaji, mama anayewapikia chai, na hasa yule aliyeandika zile aya tatu, kama si wewe. Mwambie sina kinyongo. Watoto wako nao wasalimie, uwaambie wasome hesabu.

Ni mimi, mwenye heshima kwako,

Dira,
Mwongoza Njia, ambaye mpaka saa hii hajaondolewa.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku mbili ikingoja stempu. Mke wangu alikwenda kunitafutia stempu, akaikuta. Aliisoma amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, sijui niende mbele au nirudi jikoni. Hakukasirika hata kidogo. Aliniambia, “Siku ile ile niliyopanda na goti langu niliona kuwa cha nyuma ndicho kilele. Ila ulikuwa umenishika mkono unalia, nikasema leo siyo siku yake.”

Ni kweli, aliyelia nilikuwa mimi. Sikuona haja ya kulisema hilo gazetini.

Kuna na lingine. Siku moja kabla hatujaenda pamoja kwa fundi saa, yeye alikuwa ameshapita peke yake, akachagua, na akauliza kwanza kama kamera inaandika urefu. Anasema amesubiri miaka mitano nione mwenyewe, akachoka, na goti lake sasa lina hamu ya kilele halisi kabla halijazeeka. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, huna kosa lolote, ushauri wako ulikuwa mzuri na kamera ni nzuri mno. Malalamiko yote nayafuta. Mfamasia nimemwambia mwenyewe, naye akanijibu kuwa picha za Jumapili atazionyesha zote, ila za dole gumba atazipitisha haraka.

Jumamosi tunapanda, kikundi kizima, na mke wangu ndiye atakayetangulia. Mimi nimeagizwa mambo mawili tu: nisivue viatu njiani, na ramani niiache nyumbani.