Dakika Nne Angani na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata uwakala! Si wa mabasi tena. Roketi. Abiria sita wanapandishwa hadi ukingoni mwa anga, wanaelea dakika nne, wanarudi chini hata jasho halijakauka. Wakala atakayejaza viti vyote kwa wiki mbili, eneo zima ni lake. Shemeji, kaka wa mke wangu, anayekata tiketi za meli mlango wa pili, kacheka mpaka kakohoa. Ati nani mwenye akili timamu atapanda. Mwache acheke. Nina neno langu ambalo halijawahi kuniangusha: nawaambia wateja kwamba mimi mwenyewe nimo safarini. Nimeuza hivyo safari ishirini na sikwenda hata moja. Mtu akisikia wakala yumo, moyo unatulia.

Na nyumbani kwangu anayepanda ngazi kubadilisha balbu ni mke wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Viti vinne vimekwenda. Daktari wa meno, mkandarasi wa barabara, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mkewe. Wote wanajua nakaa cha sita. Cha tano kimechukuliwa leo. Kanunua mama mkwe. Miaka sabini na mmoja, mkunga mstaafu. Kauza kiwanja chake. Kasema hajawahi kwenda popote, na kwa kuwa mkwe wake anapanda, yeye aogope nini. Nilichanganyikiwa nikamwamkia mara ya pili.

Ndipo nikafungua zile fomu kwa mara ya kwanza. Kurasa arobaini. Ukurasa wa thelathini na moja: abiria anakubali kuwa chombo bado kiko kwenye majaribio na anaweza kupoteza maisha. Nikafunga. Nikafungua. Maneno yaleyale.

Jumamosi, 8 Machi
Vipimo vya afya. Mpango: mama ashindwe, nami nishindwe, tubaki hai. Nikamnong'oneza daktari wa kampuni kuwa huyu mama ana kizunguzungu tangu ujana. Akamweka kwenye kiti cha kuzungusha. Mama akashuka, akaweka miwani sawa, akaomba azungushwe tena. Zamu yangu nikatapikia viatu vya daktari. Nikafurahi. Akavifuta, akaandika kuwa kutapika si ugonjwa, moyo wangu ni wa kijana, nafaa.

Kisha wakatuonyesha tutakavyokaa. Mimi ubavuni mwa mama, mikanda imetukaza bega kwa bega. Yaani mayowe yangu yote yataishia sikioni mwa mkwe.

Jumatatu, 10 Machi
Sijala tangu juzi. Nimemwendea shemeji, nikampa kiti changu bure. Nilidhani atacheka. Alifunga mlango. Akaniambia yule ni mama yake mzazi, hana mwingine, na anakwenda kwa neno langu. Nimwambie kweli, chombo ni salama? Sijui. Nimeuza viti vitano na sijui. Akasema basi niende nikamwambie mama mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Nimesema. Nilimkuta mama anapiga pasi, nikamwambia yote: sikuwa na nia ya kupanda, wateja wote huwaambia hivyohivyo, na naogopa mpaka usingizi umenihama. Aliendelea kunyoosha kola. Akasema mdomo wangu aliujua tangu siku nilipoleta posa. Fomu kazisoma zote, kisha kawapigia simu kampuni na kuwauliza maswali kumi na matatu. Anajua anaweza asirudi. Naye anaogopa, tena sana. Lakini maisha yake yote kapokea watoto wa watu wakija duniani, na anataka aione hiyo dunia yenyewe kabla hajaiacha. Mimi kaniruhusu nibaki.

Nililia palepale mbele ya nguo zake. Nimeapa sitamhakikishia mtu tena jambo nisilolijua.

Ijumaa, 14 Machi
Kampuni imeandika. Dirisha moja limepata ufa kwenye majaribio. Safari imesogezwa hadi mwakani. Nikaangalia mchoro wa viti: ni dirisha la upande wa mama. Mwenye duka na mkewe wamejitoa. Mama anasema atasubiri.

Mchana kaja daktari wa meno, midomo imemkauka, anauliza habari za ufa. Kiapo changu nilikishika sekunde tatu nzima. Kisha nikamwambia dirisha jipya nimelikagua kwa macho yangu, nimeligonga kwa mkono huu, ni nene kama godoro. Akashusha pumzi. Akasema kama ni hivyo, vile viti viwili vilivyoachwa anavitaka kwa ajili ya binti zake. Nikachukua kalamu, nikamuuliza majina yao.