Kitana, Rula na Jino la Shoghik

Jumatatu, 3 Februari
Mwanangu Shoghik analia tangu jana. Miezi saba, ufizi umevimba, udenda umelowesha mashati yangu mawili. Mama mkwe, Arusyak, ameukagua ufizi na kutangaza kwamba jino litatoka wiki hii. Basi Jumapili tutammwagia mtoto ngano ya kuchemsha na zabibu kavu kichwani, tutapanga vitu mbele yake, na atakachoshika ndiyo kazi yake ya maisha. Mji wetu wote wa Gyumri, hapa Armenia, unaamini hivyo. Mimi naamini kuliko wote. Babu alikuwa kinyozi, baba kinyozi, mimi kinyozi. Lazima Shoghik ashike kitana.

Mama mkwe amefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Ameshaleta rula. Ya chuma! Kaiweka mezani, akanitazama.

Jumanne, 4 Februari
Nina mpango. Kitana cha chuma cha babu. Nimekichemsha, meno nimeyafunga kitambaa ili atafune mgongo tu. (Kitana kina meno hamsini, mwanangu hana hata moja. Haki iko wapi?) Kila akilia nitampa kikiwa baridi. Akizoea kupata nafuu kwacho, Jumapili atakiendea mwenyewe.

Nilikiweka nje ya dirisha, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kwa kuwa mimi ni baba mwangalifu, nilikijaribu kwanza mdomoni mwangu.

Kikanasa midomoni kwa baridi.

Nvard, mke wangu, alileta maji ya uvuguvugu, akanimwagia taratibu huku akicheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema hajui kama ana mtoto mmoja au wawili. Mdomo unawaka moto. Kitana nimekihamishia kwenye friji.

Jumatano, 5 Februari
Kimefanya kazi! Shoghik alikitafuna, akanyamaza, akalala kifuani pangu. Niliogopa hata kupumua. Wateja wawili walikuwa wananisubiri dukani. Wasubiri. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jioni nimekuta rula kwenye friji, nyuma ya mtindi. Kumbe mwalimu naye ana mpango! Nimeizamisha kwenye chungu cha kabichi ya siki.

Alhamisi, 6 Februari
Mama mkwe kaiona. Kaiosha, kairudisha kwenye friji, hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hata rula inakutisha?" Nilijibu kwamba kabichi ya mwaka huu ina mambo yake.

Mchana nilibaki na mtoto peke yangu. Nvard kazini, mama mkwe sokoni. Kilio kikaanza. Nafungua friji, kitana hakipo! Nimepekua mpaka chini ya zulia. Mwizi namjua. Kilichobaki ni rula tu. Nilivumilia dakika tatu. Machozi yake yalikuwa makubwa kuliko macho yenyewe. Nikampa rula. Akanyamaza, akanishika sikio. Saa tisa nikampa tena. Asijue mtu.

Ijumaa, 7 Februari
Jino! Nvard alikuwa anamlisha uji, kijiko kikagonga. Tukainama wote watatu kutazama, tukagongana vichwa. Kadogo kama punje ya mchele. Nimelia. Mama mkwe naye kalia, akasingizia kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Kitana kimerudi kwenye friji. Hakuna aliyeeleza.

Jumapili, 9 Februari
Majirani wa jengo zima walikuja. Ngano ikamwagwa juu ya kitambaa cheupe kichwani kwake, akacheka. Mbele yake: kitabu, mwiko, kitana, rula. Akatazama kitana. Akanyoosha mkono. Moyo wangu! Akakipita, akanyakua rula, moja kwa moja mdomoni.

Watu wakapiga makofi, wakampongeza mwalimu. Yeye hakushangilia. Alinivuta jikoni.

"Sielewi," alisema kwa sauti ya chini. "Rula aliitema tangu siku ya kwanza. Nikawa nampa kitana chako, ningefanyaje, mtoto anaumwa. Alhamisi nilikisahau mfukoni nikaenda nacho sokoni. Sasa rula kazoeshwa na nani?"

Nilitazama chungu cha kabichi.

Alinishika shavu, akasema mimi ni mjinga na asingemwombea binti yake mume mwingine. Kisha akanijazia sahani ya ngano mpaka ikamwagika. Nampenda yule mama. Hilo nimeliandika hapa tu.

Jumatatu, 10 Februari
Nimetafakari. Kwanza, Shoghik alijikuna kichwa kwa ile rula, na nywele zake mbili tatu zikalala vizuri. Hiyo ni kazi ya kinyozi. Pili, desturi inataja jino la kwanza, lakini hakuna aliyekataza la pili, na ufizi wa juu umeanza kuvimba.

Friji haiaminiki, kila mtu anaifungua. Kitana nimekirudisha nje ya dirisha. Leo ni nyuzi kumi na tano tu chini ya sifuri, baridi imepungua sana. Hata hivyo nimekijaribu kwanza mdomoni.

Naandika haya kwa mkono mmoja, wa pili umekishikilia kitana mdomoni. Nvard anasema maji yanapashwa, atakuja nayo akimaliza kucheka. Mama mkwe kakaa mbele yangu na Shoghik mapajani, anamwonyesha baba yake.