Mashine Iliyokitazama Kinywa Changu

Jumatatu, 3 Machi

Imefika. Kompyuta moja, kamera ndogo, na Dokta Warmari kando yake anachekacheka kama bibi harusi. Unapiga picha ya kinywa au eksirei ya taya, mashine inapaka nyekundu palipo na ubovu. Dokta Warmari! Kung'oa jino nilimfundisha mimi. Sasa Ijumaa mkurugenzi wa hospitali atachagua mkuu wa upasuaji wa kinywa: mimi, au yeye na mashine yake. Nusu ya watu wa mji huu wa Lae nimewang'oa meno kwa mkono huu. Nimeumia, na sioni haya kusema.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Nimelipiga eksirei taya la nguruwe, mabaki ya karamu ya mazishi ya shemeji. Jina la mgonjwa nimeandika: Bwana Tobung. Mashine ikishauri meno ya bandia, imekwisha!

Mashine imesema huyu si binadamu. Muuguzi wetu, Sista Momolo, amecheka hadi akashika ukuta. Kantini nzima inaniuliza Bwana Tobung anaendeleaje.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili, wenye akili. Mashine imefundishwa kwa vinywa vya ng'ambo. Sisi tunatafuna kokwa za popoo na chokaa tangu utotoni, vinywa vyekundu hadi kooni. Itauona wekundu wetu na kupiga mayowe bure! Ninahitaji kinywa cha popoo kilicho kizima kabisa. Kinywa hicho ninacho. (Hospitalini popoo ni marufuku, tangazo nimelitia saini mimi. Ndiyo maana natafunia chooni.) Nimejipiga picha. Jina: Bwana Aisak, mkulima.

Alhamisi, 6 Machi

Raha iliyoje! Imepaka nyekundu shavu la kushoto. Eti doa la hatari, likapimwe haraka. Warmari ameafiki. Mjinga na mashine yake! Kesho watanitambua.

Ijumaa, 7 Machi

Nilisimama mbele ya mkurugenzi na wauguzi wote. Nikatangaza kwamba Bwana Aisak ni mimi! Nikapanua kinywa, nikangoja vicheko.

Warmari akawasha taa, akalivuta shavu kwa kioo. Akainama, akatazama. Kisha, polepole: "Mwalimu, doa hili lina muda gani?" Nikamwambia ni chokaa tu imenichoma. Akalisugua kwa pamba. Halikutoka. Sista Momolo hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Warmari amepewa ukuu palepale. Mgonjwa wake wa kwanza ni mimi.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu ya kipimo. Doa lilikuwa njiani kuwa saratani, halijafika. Warmari amelikata lote, na amelikata vizuri, shetani yule. Alinisihi machozi yakimlenga: "Popoo basi, mwalimu. Nakuomba." Nami nikalia. Nikaapa mbele yake kwamba shavu lile halitaonja popoo tena hadi naingia kaburini.

Kiapo ni kiapo. Natafunia la kulia. Huko mashine haikupaka kitu.